Kolestro: nimetoka 4.9 hadi 3.7 kwa miezi sita, na samaki sijaacha

#1 Mzee_wa_Misumari (Kisumu)

Wadau, salamu. Nimesoma humu miaka bila kuandika hata neno, nikichota ushauri wa watu kama maji ya mfereji wa jirani. Leo acha na mimi nijaze ndoo ya mwingine.

Mwezi wa kwanza shemeji yangu alianguka bafuni, upande wa kulia ukafa. Miaka 49. Alipona nusu, mpaka leo vifungo vya shati anafungwa na mtoto wake. Tulipotoka kumwona, mke wangu hakuniuliza maoni. Alinipeleka kupima damu kama mtoto anayepelekwa chanjo, hata kadi alishika yeye.

Mimi nina miaka 47. Nina duka la hadiwea Kondele, nakaa kwenye stuli tangu saa mbili asubuhi hadi giza liingie, na mteja akitaka kitu cha juu kijana ndiye hupanda ngazi. Kilo 92, na urefu si wa kujivunia. Presha ilisoma 148 kwa 92. Damu ikasema: kolestro kwa jumla 7.1, LDL 4.9, HDL 1.1, trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) 2.4. Sikuelewa chochote, ila niliona tatu kati ya hizo nne zina kinyota pembeni.

Daktari alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia, basi akanieleza kwa lugha ya duka. Kolestro yenyewe si sumu: mwili huitumia kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni, na nyingi hutengenezwa na ini lenyewe. LDL ni mkokoteni unaotoka bohari na mzigo kupelekea mwili. HDL ni ule unaokusanya masalio kuyarudisha bohari. Bohari ni ini, na lina milango ya kupokea mikokoteni ya LDL inaporudi. Sasa ukila kila siku yale mafuta mazito, yanayoganda, ini linafunga baadhi ya milango. Mikokoteni inabaki barabarani, na barabara ni mishipa yako. Hapo ndipo niliposhika. Mimi mwenyewe stoo ikijaa nafunga mlango, lori lisimame nje mpaka dereva achoke kupiga honi.

Akanipa miezi mitatu nibadilishe chakula na mwendo, kisha tupime tena ndipo tuzungumze dawa.

Kosa langu la kwanza: nilisikiliza watu wa duka badala ya daktari. Kila mteja alikuwa na marufuku yake. Acha mayai. Acha samaki, hasa mbuta, ana mafuta. Acha omena, wewe! Nikaacha vyote. Wiki tatu nilikula ugali na sukuma kama mtu wa bweni, nikijihurumia, na kilo hata moja haikutoka.

Aliyeniokoa ni binti yangu wa kidato cha tatu, alikuwa nyumbani likizo. Tulikuwa tunanunua mafuta ya kupikia mtungi wa lita tano. Yeye akachukua kalamu ya kuandikia maboksi dukani, akachora mstari kwenye mtungi Jumamosi jioni mahali mafuta yalipofika. Hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata akachora mstari wa pili. Kati ya mistari hiyo miwili zilikuwa lita tatu. Sisi ni watu watano. Akaleta daftari: mililita 86 kila mtu, kila siku. Akachota kwa kijiko cha mezani, akamimina kwenye kikombe changu cha chai mbele yangu, kijiko cha kwanza, cha pili, mpaka karibu cha sita. “Baba, hii ndiyo unakunywa kila siku.” Mke wangu alikuwa anapepeta wimbi, akaacha kupepeta.

Nikageuza mtungi nisome: mawese. Daktari akaniambia baadaye kwamba karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mazito yanayofunga milango. Alizeti ni kama asilimia 11 tu. Kwa hiyo sukuma niliyokuwa nakula kama adhabu ilikuwa inaogelea kwenye kitu kile kile nilichokuwa nakikimbia.

Tulivyobadilisha, kwa ufupi, maana mteja amesimama hapa:

Mafuta sasa ni alizeti, lita moja kwa wiki kwa nyumba nzima, na ni kijiko kinachopima, si mkono. Ilizua ugomvi wa siku nne. Kitunguu kilishika sufuria, watoto wakasema chakula kina harufu ya moshi. Mke akagundua kwamba ukiweka nyanya na maji kidogo mapema, na kufunika, vitunguu vinaiva bila kelele.

Mboga zetu za majani nilizirudia kwa nguvu: osuga, dek, boo. Lakini si kwa utando wa maziwa na samli kama kwa mama mkwe (Mungu ambariki, mkono wake ni mtamu na ndio uliotunenepesha). Tunachemsha maziwa jioni, yanalala, asubuhi tunatoa ule utando wa juu ndipo tunayatumia kwa mboga na chai. Mchana nakula nyoyo (mahindi na maharagwe) kutoka nyumbani badala ya chipsi za pale stendi. Asubuhi uji wa oti, ambao sijaupenda mpaka leo, nasema ukweli. Njugu karanga za kukaangwa bila mafuta, kiganja kimoja. Soda basi. Nyama ya ng'ombe Jumapili tu. Samaki nilimrudia, na mayai nakula matatu kwa wiki.

Jioni nafunga duka naenda kwa miguu upande wa Mamboleo, kama dakika 40. Wiki ya kwanza wenye boda waliokuwa wananibeba walidhani nimefilisika. Mmoja alijitolea kunibeba bure.

Miezi mitatu: jumla 6.0, LDL 4.1, HDL 1.2, trigliseridi 1.6. Miezi sita, yaani juzi: jumla 5.6, LDL 3.7, HDL 1.2, trigliseridi 1.5. Kilo 85. Presha 136 kwa 86.

Uliza chochote. Najibu nikipata nafasi.

#2 Nyakio_wa_58 (Nakuru)

Hongera sana mzee. Hiyo ya binti na kalamu nimemsomea mume wangu kwa sauti, akaondoka sebuleni.

Niongeze kitu cha huku kwetu kwa baridi. Nakuru mwezi wa saba mafuta ya kupimiwa dukani, yale wanayoita saladi, ukiyaacha jikoni usiku utayakuta asubuhi yamekuwa na mawingu chini, mengine yameshika kabisa kama uji. Miaka yote nilidhani yamechakachuliwa. Kumbe ni mawese, yamechujwa yakawa majimaji lakini asili yake ni ile ile, baridi ikija yanakumbuka kwao. Ya alizeti niliyo nayo sasa hayajawahi kushika. Nyinyi wa Kisumu joto linawaficha.

Swali: mimi maabara yangu imeandika 262. Nyinyi mnasema 7, 5, 4. Je, mimi ni maiti?

#3 Mzee_wa_Misumari (Kisumu)

Dada, hapana! Nimecheka mpaka mteja amenikodolea. Hiyo ni mizani tofauti tu, ngoja wataalamu waje. Na hiyo ya mafuta kukumbuka kwao nimeiiba.

#4 Tabibu_Mstaafu (Kakamega)

Nyakio, yako imepimwa kwa miligramu kwa desilita, hizi zetu ni milimoli kwa lita. Gawa kwa 38.7. Yako ni kama 6.8. Iko juu, lakini jumla peke yake haisemi mengi. Angalia LDL kwenye karatasi hiyo hiyo. Kwa mtu asiye na tatizo lingine tunapenda iwe chini ya 3.0. Aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo anatakiwa ashuke zaidi ya hapo. HDL kwa mwanamke tunataka ipite 1.2, trigliseridi ziwe chini ya 1.7. Gawa zote kwa 38.7 isipokuwa trigliseridi, hizo gawa kwa 88.5.

Mwenye uzi amefanya kazi nzuri na nimefurahi kwamba ameandika namba zake zote. Nieleze kidogo kwa nini nyoyo na ule uji asioupenda vimemsaidia. Maharagwe, ndengu, oti, mapera, machungwa, parachichi, vyote vina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zinazofanya utelezi tumboni. Ini hutumia kolestro kutengeneza nyongo. Nyongo ikifika utumbo mwembamba, kazi ikiisha, nyingi hunyonywa tena na kurudi. Huo utelezi huikamata sehemu ya nyongo na kutoka nayo chooni. Ini likikosa nyongo linalazimika kutengeneza nyingine, kwa hiyo linafungua milango na kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Kwa mfano huo huo wa bohari: umeuza mali, lazima uingize nyingine.

Lakini matarajio yawe ya kweli. Gramu 5 hadi 10 za nyuzinyuzi hizo kwa siku hushusha LDL kwa kama asilimia 5. Kubadilisha aina ya mafuta kunashusha zaidi. Kupunguza uzito kunasaidia, hasa trigliseridi. Mwenye uzi ameshuka karibu robo kwa kuunganisha yote, na ni wachache wanaofika hapo.

Mayai: kiini kimoja kina kama miligramu 190 za kolestro, na hiyo ndiyo iliyotisha dunia zamani. Kwa watu wengi kolestro ya kwenye chakula hupandisha ya damu kidogo tu kuliko mafuta mazito. Mayai matatu kwa wiki hayana shida. Mayai mawili kila asubuhi yaliyokaangwa na soseji ni habari nyingine, na hapo usimlaumu kuku.

#5 Min_Atieno (Dunga, Kisumu)

Mimi nauza samaki, nakaanga mwenyewe mwaka wa kumi na mbili huu. Omera Misumari, asante kwa kutotuua jina. Kila siku mteja ananiambia daktari amekataza samaki. Daktari gani huyo?

Nisikilizeni niwaambie ukweli wa karai. Ngege akitoka ziwani hana mafuta ya kumtisha mtu. Mnapomkata zile chale mbavuni na kumtosa, anakunywa. Na anakunywa zaidi kama mafuta hayajachemka vizuri, au kama nimemrundika na wenzake sita karai likapoa. Mafuta yenyewe mchuuzi anayarudia. Mimi nayarudia siku mbili halafu namwaga. Wako wanaorudia mpaka yawe meusi kama ya gereji. Wa mgongo wazi (mifupa ya mbuta iliyotolewa minofu) msiniulize, naheshimu biashara ya mtu.

Halafu kuna jambo wateja hawajui. Ukiagiza samaki wa mchuzi ukidhani umekwepa mafuta, mara nyingi yule amekaangwa kwanza asubuhi, ndipo anachemshwa kwa nyanya ukifika. Kama hutaki, lazima useme mapema: nataka mbichi, umchemshe kutoka mbichi, au umchome kwa makaa. Ngoja nusu saa. Wengi hawataki kungoja.

Omena pia. Kausha kwenye sufuria bila mafuta mpaka ziwe zinalia zikigongana, osha kwa maji moto, ndipo uweke kitunguu, nyanya, ndimu. Kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima.

#6 Tabibu_Mstaafu (Kakamega)

Min Atieno amesema mambo ambayo ningepaswa kuwaambia wagonjwa wangu kwa miaka thelathini, na sikuyajua. Niongeze moja: mafuta ya samaki yenyewe hushusha trigliseridi. LDL hayaigusi sana. Faida kubwa ni kwamba samaki amekaa mahali pa nyama nono kwenye sahani.

#7 MizizihaiHerbo

Jamani mnajisumbua na vijiko. Kuna unga wa mizizi 7, unasafisha mishipa yote ndani ya siku 21, kolestro kwaheri na presha kwaheri. Hauna kemikali. Tunatuma kwa basi Kisumu, Nakuru, Eldoret. Njoo sanduku la ujumbe.

#8 Mzee_wa_Misumari (Kisumu)

Kaka, hata mimi nauza dawa ya kuzibua mabomba, na nikimwaga naona maji yakishuka. Wewe wako unaona nini ndani ya mshipa?

#9 Tabibu_Mstaafu (Kakamega)

Sina ugomvi na mizizi. Statini zenyewe, dawa za hospitali za kushusha kolestro, zilianzia kwenye ukungu: Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza mwaka 1973 kwenye ukungu wa jamii ya ule wa penisilini. Tofauti ni kilichofuata. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya wagonjwa wa moyo 4,444 wa nchi za Skandinavia, nusu wakipewa statini na nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa zaidi ya miaka mitano. Vifo vilipungua kwa asilimia 30 upande wa dawa. Ndugu wa mizizi saba, unga wako umepewa watu wangapi, na nani aliwahesabu baadaye?

Limau na maji moto hayayeyushi mafuta ya mishipa. Vitunguu saumu vinashusha kidogo sana. Kula kwa utamu. Na ninachoogopa zaidi ni mtu anayeacha dawa ya presha kwa sababu ya pakiti ya unga. Nimewaona wakiletwa kwenye machela.

#10 Mursik_Damu (Eldoret)

Mimi swali fupi. Mursik je, maziwa yetu ya kibuyu? Msiniambie niache, nauliza tu kiasi.

#11 Tabibu_Mstaafu (Kakamega)

Maziwa yakilala kwenye kibuyu mafuta yake hayaendi popote. Nusu lita ya maziwa yasiyotolewa krimu ina kama gramu 17 za mafuta, na gramu 11 kati yake ni mazito. Shirika la Afya Duniani linataka mafuta mazito yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni kama gramu 22 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Kikombe, si kibuyu.

#12 Mursik_Damu (Eldoret)

Kikombe cha ukubwa gani 😂

#13 Kijana_wa_Miwa (Mumias)

Wakubwa nawasalimu. Nimeusoma huu uzi mara mbili na sijapata mtu kama mimi.

Niko na miaka 31. Kilo 58. Nimekata miwa, nimebeba miwa, sasa naendesha boda. Chipsi nakula labda mara moja kwa mwezi. Nyama ni Krismasi na matanga. Juzi kulikuwa na kambi ya kupima watu bure, nikaenda kwa sababu ya foleni ya kina dada, nisidanganye. Damu ikarudi LDL 8.1. Yule kijana wa maabara akarudia akidhani amekosea chupa. 8.0.

Baba alikufa na miaka 44, akiwa shambani, alikaa chini tu. Ndugu yake akafa na 39. Dada yao mmoja 50 na kitu. Nyumbani wanasema ni chira, yaani laana, kuna ng'ombe wa mahari hakulipwa zamani. Walishachinja, walishaombewa. Mimi sijui nibadilishe nini kwenye chakula, maana ninachokula tayari ni mboga na ugali.

#14 Tabibu_Mstaafu (Kakamega)

Kijana wangu, soma pole pole.

Vua viatu. Shika kano ile nene nyuma ya kisigino, ubane kwa vidole viwili kutoka juu kwenda chini. Ni laini na nyembamba, au imenenepa na ina mafundo magumu? Angalia pia viungo vya vidole nyuma ya mkono ukikunja ngumi. Halafu mwombe mtu akutazame macho kwenye mwanga: kuna duara jeupe au la kijivu kuzunguka ile sehemu nyeusi? Nijibu.

#15 Kijana_wa_Miwa (Mumias)

Kano ni nene pande zote mbili. Nilidhani ni viatu vya mpira. Mikononi kuna vitu viwili kama punje za mahindi, sikuwahi kujali. Macho mama anasema ndiyo, kama mkufu mwembamba, na baba alikuwa nao.

#16 Tabibu_Mstaafu (Kakamega)

Sikupimi kwa simu, na utaonwa na daktari ana kwa ana wiki hii. Lakini nikueleze ninachokidhania ili usiende kichwa kitupu.

Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu katika ile milango ya ini ambayo mwenye uzi aliielezea. Wengi wao wana nusu tu ya milango inayofanya kazi. Wamarekani wawili, Brown na Goldstein, ndio waliogundua milango hiyo kwa kuchunguza familia za namna hii, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Duniani inakadiriwa ni kama mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Kwa hiyo si laana ya ukoo wenu peke yenu; zipo koo Ulaya, Asia na hapa kwetu zinazozika vijana wao namna hiyo hiyo. Kolestro imekuwa juu tangu siku ulipozaliwa, ndiyo maana inajikusanya kwenye kano na machoni. Wembamba wako haukukinga, na mboga zako hazikukosea.

Chakula kitakusaidia kidogo, endelea nacho. Lakini hakuna sukuma wala oti itakayoshusha 8.1 hadi mahali salama. Hapa dawa ndiyo matibabu, na huanzwa mapema, huendelea maisha yote, wakati mwingine mbili kwa pamoja. Usivute sigara hata moja. Daktari atapima pia tezi ya shingo na figo, kwa sababu tezi ikilegea nayo hupandisha LDL. Ukipanda mlima au ukisukuma pikipiki ukahisi kifua kinabanwa, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Na jambo lingine. Mzazi mwenye hitilafu hii humpitishia kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Una ndugu wangapi?

#17 Kijana_wa_Miwa (Mumias)

Tuko wanne. Mimi ndiye mkubwa. Niko na mtoto wa miaka mitano pia.

#18 Tabibu_Mstaafu (Kakamega)

Wote wapimwe. Mtoto pia, mwambie daktari ampime. Kwa familia kama hii hatungoji akue. Ni damu kidogo tu, na kwa LDL si lazima alale njaa.

#19 Min_Atieno (Dunga, Kisumu)

Mwanangu wa Mumias, pole na hongera kwa wakati mmoja. Hiyo foleni ya kina dada Mungu ndiye aliyeipanga.

#20 Nyakio_wa_58 (Nakuru)

Nimekaa na hii ya Kijana jikoni hadi chai imepoa. Kwetu pia kuna wajomba wawili “waliolala wasiamke”. LDL yangu nimeigawa, ni 4.4. Kesho nawapigia binamu zangu.

#21 Mzee_wa_Misumari (Kisumu)

Nimerudi. Watu watatu wameniuliza kwa ujumbe jinsi ya kula matangani, kwa sababu huku Nyanza wikendi bila matanga ni nadra, na ukikataa nyama ya mfiwa unaonekana una neno moyoni. Mbinu yangu: nachukua vipande viwili vyenye mfupa mkubwa. Sahani inajaa, mikono inashughulika muda mrefu, mpishi anafurahi, nyama yenyewe ni kidogo. Supu ile yenye macho ya mafuta juu napuliza yasogee, nakunywa upande wa pili. Msicheke, inafanya kazi.

Sasa habari yangu mwenyewe, ambayo niliificha kwenye ujumbe wa kwanza. Daktari aliiona 3.7, akanipongeza, halafu akaandika statini. Dozi ndogo. Nilikasirika. Miezi sita ya oti! Nikamwambia nimeshuka robo nzima. Akasema ndiyo, na presha bado iko juu kidogo, na baba yako alikufa kwa nini? Moyo, miaka 58. Na tumbo lako ni inchi ngapi? Akasema hatibu namba moja, anahesabu vyote pamoja, na kwa hesabu hiyo anataka nifike chini ya 2.6. Karatasi ya dawa imekaa kwenye droo ya risiti siku tisa.

Kilichonizuia ni yule fundi wa mabati anayesema dawa hizo zinakula misuli. Tabibu, sema.

#22 Tabibu_Mstaafu (Kakamega)

Maumivu ya misuli yapo kwa baadhi, mara nyingi ya kuvumilika, na dozi au aina hubadilishwa. Yale ya hatari, ambapo mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, ni nadra sana. Ukiyaona, acha dawa uende hospitali. Mwambie daktari dawa nyingine unazotumia. Balungi liache, linaongeza nguvu ya baadhi ya statini mwilini. Wanawake wenye mimba au wanaoitafuta waongee na daktari kwanza. Mengine ni maneno ya fundi wa mabati.

Na usione kama umeshindwa. Bila hiyo miezi sita ungeanza na dozi kubwa, ukiwa na kilo 92.

#23 Mzee_wa_Misumari (Kisumu)

Nimeinunua leo mchana. Binti amerudi shule, ameacha ujumbe kwenye friji: “Mtungi nauangalia nikirudi.” Mke amesema dawa nimeze mbele yake.

#24 Kijana_wa_Miwa (Mumias)

Wakubwa, narudi na ripoti. Nilienda, nikaonyesha kano, daktari akaita wenzake wawili waje waone. Nimeanza dawa, dozi kubwa. Nitarudia damu baada ya wiki sita. Dada wa pili LDL 2.7, yuko sawa. Wa tatu 7.4. Alilia kidogo halafu akauliza kama dawa ni chungu. Mtoto wangu tunampeleka Alhamisi.

Mama nilimweleza ile ya milango. Alinyamaza sana. Akasema basi ule ng'ombe walichinja bure.

Anayenisumbua ni kitinda mimba. Ana miaka 22, anacheza mpira, namba tisa, anasema mtu anayekimbia dakika tisini hawezi kuwa na moyo mbaya. Hataki hata kusikia sindano.

#25 Tabibu_Mstaafu (Kakamega)

Mshike kano tu, akiwa amelala.

#26 Kijana_wa_Miwa (Mumias)

Nimeshika. Ni nene.

#27 Min_Atieno (Dunga, Kisumu)

Mlete kwa ujanja. Vijana wa mpira wanataka nini?

#28 Kijana_wa_Miwa (Mumias)

Amekubali Jumatatu, kwa sharti nimnunulie viatu vipya vya mpira. Saizi 42. Kama kuna anayejua vya mitumba vizuri Kakamega au Kisumu, niandikieni.

#29 Mzee_wa_Misumari (Kisumu)

Kibuye Jumapili asubuhi mapema, kabla ya saa mbili. Pitia dukani Kondele kwanza, tutaenda pamoja kwa miguu.